Jiwe Mama la Kwa Hhando

Siku tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuifunika Jorodom ya Katesh, Letisia Sulle alikuwa Babati kwa mwanawe Gerald, amekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Aliporudi hakukuta nyumba, hakukuta banda la ng'ombe wake wa maziwa, wala hakukuta mlango wa kubisha hodi. Mama yake mzazi, Scolastica, alipatikana kesho yake chini ya magogo, akazikwa pamoja na wengine. Letisia alisimama kaburini amejifunga khanga ya kuazima. Watu walilia mpaka sauti zikawakauka. Yeye hakulia. Alitazama viatu vya padri vilivyojaa tope, akawaza kwamba vikikauka vitapasuka.

Vijana waliokuwa wakifukua mabaki ya nyumba walimletea kitu kimoja tu.

"Mama, si hili lilikuwa lenu?" mmoja aliuliza. "Mawe yamejaa huku, lakini hili limeshikwa na watu."

Lilikuwa jiwe refu kiasi cha mkono wa mtoto mchanga, upande mmoja limelainika kama sabuni iliyotumika. Letisia alilipokea, akalifuta kwa khanga, akaenda nalo. Tangu siku hiyo hakuliacha.

Jiwe la kusagia huwa mawili. Lile kubwa linalolala chini huitwa mama, na lile dogo linaloshikwa kwa mikono miwili na kusukumwa juu yake huitwa mtoto. Mtoto huyu hakuwa mzaliwa wa Jorodom. Alitoka mbali, kwenye miinuko ya Bashay, katika tembe la Hhando, babu yake Letisia. Huko ndiko Scolastica alikoolewa, na huko ndiko Letisia alikozaliwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka sabini na nne, watu wakaambiwa watoke vilimani wakaishi pamoja bondeni. Lori lilikuja asubuhi. Scolastica aliburuta jiwe mama mpaka mlangoni, mgambo mmoja akamcheka.

"Mnabeba mawe? Kwani huko mnakokwenda hakuna mawe?"

Jiwe mama likabaki. Lakini jiwe mtoto Scolastica alilificha ndani ya mbeleko, kati ya mgongo wake na kifua cha binti yake wa miaka miwili. Hivyo ndivyo Letisia alivyoondoka kwao, amebanana na jiwe. Alisimuliwa jambo hilo mara nyingi sana utotoni, na kila mara aliitikia "ndiyo, mama" huku akiwaza mengine.

Mzee Hhando hakuzoea kijiji kipya. Alikaa humo muda mfupi, akafa. Mwanawe Sulle, baba yake Letisia, akaona mashamba ya kule hayatoshi, akaishusha familia Masakta, upande wa Hanang, kulima mahindi na mbaazi. Huko walipata jiwe lingine kubwa wakaliweka chini ya mtoto. Scolastica hakulikubali kamwe. Aliliita mama wa kambo. Ugali ukiwa na chenga alisema, "Msinilaumu mimi, mlaumuni mama wa kambo." Letisia alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Yonas, dereva wa trekta katika mashamba ya ngano, akahamia Katesh. Yonas alifariki watoto wakiwa wadogo. Letisia akauza mtindi stendi, akasomesha, akajenga Jorodom, na baba yake naye alipofariki akamchukua mama yake pamoja na mawe yake yote mawili, mtoto na mama wa kambo. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na yote yalikuwa chini ya tope.

Waathirika walijengewa nyumba mpya. Letisia naye alipewa yake: vyumba, sebule, bati linalong'aa, sakafu ya saruji. Aliingiza godoro, akafunga dirisha linaloutazama mlima, akatoka, akafunga mlango. Jioni alikwenda kulala jikoni kwa jirani yake Juliana, na jiwe lake kwenye mfuko wa sandarusi.

Juliana alidhani ni usiku huo tu. Masika yalipita, na mengine yakapita, Letisia bado alikuwa pale jikoni. Mchana aliuza mtindi stendi kama zamani, akapima, akarudisha chenji, akajibu salamu. Jioni alirudi, akafagia uwanja wa nyumba yake mpya, akalala kwa mwenzake.

"Letisia, mwenzangu," Juliana alimwambia siku moja wakichambua maharage, "mimi sikufukuzi. Lakini wewe una nyumba yenye bati jipya, unalala na kuku wangu. Kuku wenyewe wameanza kukuonea haya."

"Waambie wanivumilie."

"Wakuvumilie mpaka lini?"

"Mpaka jiwe likae."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Scolastica alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja katika nyumba yoyote aliyoishi. Kabla mwanamke hajalala katika nyumba mpya, huliweka jiwe lake la kusagia kando ya ukuta, akasaga unga wa konzi moja, akaupika, akaula. Ndipo nyumba huwa yake. Hata Jorodom, ambako mashine ya kusaga ilinguruma mtaa wa pili, alifanya hivyo, na Letisia aliona aibu mbele ya majirani. "Nyumba isiyo na jiwe," Scolastica alisema, "ni banda la kungojea mvua ikatike."

Letisia hakuwahi kuiamini desturi hiyo, na hata sasa hakuwa na hakika kwamba anaiamini. Ila tangu siku ya tope mambo mengine yote yalikuwa yamemwishia mikononi kama maji. Alikula bila kusikia ladha. Alikwenda misani, akapiga magoti na kusimama watu waliposimama. Mjukuu alipoanza kutembea, Gerald alimtumia video kwenye simu. Akaitazama mpaka mwisho, akasema "vizuri," akarudisha simu mfukoni. Desturi ya mama yake ndiyo iliyokuwa kamba pekee iliyobaki, naye aliishika kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Mtoto alikuwapo. Mama wa kambo alikuwa chini ya tope, na hata angefukuliwa Letisia hakumtaka. Alitaka lile la kwanza.

Gerald, ambaye alikuwa fundi magari Babati, alikuja mwenyewe na kirikuu, kigari chake cha mizigo, baada ya kusikia maneno ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sikuja kula. Mama, watu wanasema nimemtupa mama yangu analala na kuku. Fundi wa mawe wa hapa Katesh nimeshaongea naye, atakuchongea jiwe jipya hata kesho."

"Mama wa kambo wa pili?"

"Basi hama. Njoo Babati tukae wote, nyumba hii tuwaachie wanaohitaji. Nyumba isiyolaliwa inaoza, mama."

Letisia alifikiri kidogo. Babati asingekuwa na stendi yake, wala wateja wake, wala kaburi la mama yake la kupitia Jumapili. Angekuwa bibi wa kukaa kwenye kochi. Alijua kwamba jambo hilo lilipaswa kumuumiza. Alilisubiri limuume. Halikumuuma.

"Nipeleke Bashay," alisema mwishowe. "Tukatafute kwa Hhando. Tukilipata jiwe, nitalala ndani ya nyumba hii. Tukilikosa, nitakuja Babati na hutanisikia nikisema neno."

Gerald akampa mkono, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Walipitia Haydom, wakapanda milima ya Mbulu wakati ukungu unatoka. Bashay ilinuka kitunguu saumu. Mafungu yake yalining'inia kila baraza, na mashamba yaligawanya miteremko kama viraka vya nguo. Letisia alitazama akitafuta mahali pa kusema "hapa napajua." Hakuona. Mtu aliyeondoka mgongoni anabeba nini zaidi ya alichobanana nacho?

Ndugu waliobaki huko hawakuwa wengi. Walifikia kwa mzee Akonaay, binamu wa baba yake, mwanamume mrefu aliyevaa koti la suti juu ya shuka. Letisia alimwamkia, akajieleza kwa ukoo wake: binti Sulle, Sulle wa Hhando. Akonaay aliwakaribisha kwa chai ya maziwa, akauliza habari za tope, akaguna kwa heshima. Kisha akauliza walichofuata.

"Aako," Letisia alisema, akimwita babu kwa Kiiraqw kama ilivyostahili, "natafuta mahali palipokuwa kwa Hhando."

"Hhando yupi? Hapa Hhando ni wengi kama nzige."

Letisia alikumbuka kitambulisho alichozoea kukisikia kwa baba yake. "Hhando mwenye ng'ombe wekundu."

Uso wa Akonaay ukafunguka. "Ah! Ng'ombe wekundu! Ungesema hivyo tangu mlangoni. Nani asiyewajua wale ng'ombe? Fahali wake mmoja alikuwa na pembe hivi," akatanua mikono mpaka chai ikamwagika. "Tukimaliza kunywa nakupeleka. Minyaa ya zizi lake ipo mpaka leo."

Naam, ilikuwapo. Juu ya mgongo wa kilima, duara la minyaa mizee lilikuwa limesimama katikati ya malisho, matawi yake ya kijani yamefungamana. Akonaay alisimama katikati akaonyesha ndama walikolala na fahali alikofungwa. Gerald alitoa jembe na sururu kwenye kirikuu. Udongo wa ndani ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye rutuba ya samadi ya zamani. Wakachimba. Letisia alipiga magoti akachambua kwa vidole. Alitafuta jivu, mafiga, vigae vya chungu, chochote ambacho jiko huacha nyuma. Walipata udongo mweusi, na chini yake udongo mweusi.

Mawe yalikuwapo pembeni. Kila moja lililokuwa bapa Letisia alilisafisha, akatoa jiwe mtoto kwenye mfuko, akaliweka juu yake na kusukuma. Lilipepesuka. La pili likapepesuka. La tatu likakwaruza kama kucha kwenye sahani.

"Mama," Gerald alisema taratibu, akiona jua limegeuka, "chukua lolote. Hapa ni kwa babu. Jiwe lolote la hapa ni la kwao."

"Mwanao anasema kweli," Akonaay aliunga mkono. "La zamani litakuwa limechukuliwa na watu. Miaka yote hiyo! Hata nyumba zilichukuliwa boriti zake."

Letisia aliinua jiwe moja, bapa kiasi, akalipakata. Alijua kwamba akilitia kwenye gari, safari imekwisha, na Gerald hatamdai ahamie Babati. Mikono yake ilikuwa tayari imekubali. Ndipo sauti ikatoka nje ya minyaa.

"Huyo ndiye mwenye kusagia zizini?"

Alikuwa bibi mmoja mfupi, mkongojo mkononi, kilemba cha kitenge, amepanda kilima akihema. Akonaay alishusha pumzi. "Huyo ni Bibi Fausta. Akisikia gari limesimama mahali, lazima aje alikague."

"Shikamoo, bibi," Letisia na Gerald walisema pamoja.

"Marahaba. Nimeambiwa kuna mwanamke anatembea na jiwe kama amebeba mtoto. Nikasema huyo si mwizi, mwizi angebeba kitunguu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Sulle. Mama yangu ni Scolastica."

Bibi Fausta alimsogelea akamtazama usoni kwa muda. "Scolastica! Pua ndiyo hiyo. Mama yako alikuwa mkorofi, anakuambia?"

"Alifariki, bibi. Kwenye tope la Katesh."

Bibi aliutegemea mkongojo wake akatazama chini. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu." Kisha, kama mtu anayerudi kwenye kazi aliyoiacha, "Sasa nani amekuleta hapa?"

"Aako Akonaay. Nilimwuliza kwa Hhando mwenye ng'ombe wekundu."

Bibi Fausta akacheka mpaka akaketi chini. "Umeuliza ng'ombe, ukapewa ng'ombe! Akonaay, mzee mzima, ulidhani mwanamke wa Hhando alikuwa anasaga mtama katikati ya mavi ya ndama?"

"Hapa ndipo kwa Hhando," Akonaay alisema, amekasirika kidogo. "Kila mtu anajua."

"Kila mwanamume anajua. Hapa palikuwa kwa rafiki yake, aliyemtunzia ng'ombe. Hhando mwenyewe alikuwa na ndama wawili tu nyumbani kwake."

Hapo Akonaay akakumbuka. Ilikuwa akili ya wafugaji wote wa zamani: mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki na wakwe, hawa kwa fulani, wale kwa fulani, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimfanye maskini asubuhi moja. Ng'ombe wekundu wa Hhando walikuwa na jina kuliko nyumba yake. Waliomjua kwa ng'ombe walipajua hapa, na hawakuwa na sababu ya kwenda alikolala.

"Ungeuliza maji," Bibi Fausta alimwambia Letisia. "Mama yako alilalamikia nini kila siku?"

Letisia alitafuta kichwani. Kitu kikaja, kidogo, cha kipuuzi, ambacho hakuwahi kukitilia maanani. "Alisema walichota kwenye chemchemi ya matete, wakapanda na ndoo mpaka magoti yakalia. Na ukifika mlangoni unageuka kupumua, unauona Hanang kwa mbali, mdogo kama kofia."

"Twende," alisema Bibi Fausta, akainuka. "Una ugoro kwenye gari? Basi kijana atanunua tukirudi."

Chemchemi ilikuwa ng'ambo ya pili ya kilima, sasa imejengewa bomba. Kutoka hapo walipanda njia nyembamba mpaka kwenye shamba la kitunguu saumu lililopandwa kwa mistari iliyonyooka. Katikati yake mteremko ulikuwa umekatwa kama mtu aliyemega ugali kwa mkono mmoja: nusu duara, ukuta wa udongo mgongoni, sakafu tambarare mbele. Tembe la kuchimbiwa kilimani huacha kovu la namna hiyo. Boriti zilikuwa zimeondoka, paa la udongo limeanguka likawa shamba, na kitunguu kiliota hapo kirefu kuliko kwingine.

Letisia alisimama pale mlango ungekuwa. Akageuka. Ukungu ulikuwa umepanda, na mbali kusini mlima Hanang ulikaa peke yake, wa buluu, mdogo kama kofia. Alingoja kifua kiseme neno. Upepo ulivuma, kitunguu kikanuka.

"Nani amewaruhusu kukanyaga humo?"

Mwenye shamba alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, bomba la dawa mgongoni. Jina lake Maximilian. Nyuma yake alikuja mkewe, Marieta, akijifuta mikono. Bibi Fausta alieleza kwa maneno machache. Maximilian hakutaka hata machache.

"Baba yangu alipewa eneo hili na kijiji baada ya Operesheni. Nina karatasi zote."

"Sidai shamba, mwanangu," Letisia alisema. "Natafuta jiwe la kusagia."

"Wote huanza hivyo. Leo jiwe, kesho kaburi la babu, keshokutwa baraza la ardhi."

"Maximilian," mkewe alisema, "jiwe si lile la chumvi?"

Aliyeulizwa akamkata jicho, lakini neno lilikuwa limetoka. Marieta aliwaongoza mpaka nyuma ya banda la ng'ombe. Jiwe lilikuwa pale, limezama nusu ardhini, na ndama wa kahawia alikuwa akiramba chumvi iliyowekwa kwenye mbonyeo wake. Lilikuwa limerambwa miaka mingi likawa linang'aa kama mkono wa kiti cha kanisani.

Marieta alimsukuma ndama, akalimwagia maji, akalipangusa kwa kiganja. Letisia alipiga magoti. Akatoa jiwe mtoto, akaliweka juu, akasukuma mbele.

Halikupepesuka. Lilishuka kwenye mbonyeo kama mkono unavyoingia kwenye mfuko wa koti la zamani, likaenda mpaka mwisho, likarudi. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini. Hata Maximilian alikuwa ameinama kutazama.

"Nilikuwa nasubiri zamu hapo," Bibi Fausta alisema. "Jiwe la kwetu lilikuwa baya. Mama yako alikuwa anasaga polepole makusudi anikomeshe."

Letisia alisukuma tena, akarudisha. "Mtaniruhusu nilichukue?" aliuliza. Kisha kabla hajajibiwa akaongeza, "Au nimwache mtoto hapa, akae na mama yake. Nitakuwa nakuja kuwaona."

"Mwache," alisema Marieta. "Acha yakae pamoja, mama, hapa ndipo kwao. Nitakutunzia."

"Hapana!" Maximilian alisema kwa nguvu, ndama akaruka. "Wewe Marieta unajua maana ya jiwe kwenye shamba? Jiwe ni mpaka. Jiwe ni shahidi. Mzee Akonaay ameona, Bibi ameona, limeingia kama ufunguo. Wajukuu zake watakuja hapa na mwenyekiti wa kitongoji, waseme jiwe la bibi yetu lile pale. Lichukue, mama. Yote mawili. Nitawaita vijana walibebe hata sasa hivi. Sitaki kibaki kitu."

Letisia alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu ya kuondolewa mahali, naye hofu hiyo aliijua. Zamani waliambiwa jiwe haliondoki. Leo waliambiwa jiwe halibaki.

"Sawa," alisema. "Tutalichukua."

Wanaume wanne walilichokoa kwa mtaimbo, Gerald akiwa mmoja wao. Liliachia udongo kwa sauti ya kufyonza. Lilikuwa nene kuliko lilivyoonekana. Walilibeba kwa fito, wakipumzika kila baada ya hatua chache, wakitaniana kwamba mzee Hhando alikuwa ameketi juu yake. Kirikuu kilishuka nyuma kikaguna. Akonaay alilitazama kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyeonyesha mgeni njia isiyo sahihi.

"Nilipaswa kukumbuka wale ng'ombe walikuwa wa kutunzwa," alisema. "Utanisamehe, mwanangu."

"Ulinipa nilichouliza, aako."

Bibi Fausta alipokea ugoro wake dukani, akautia puani, akapiga chafya, akaegemea dirisha la gari.

"Basi umemaliza," alimwambia Letisia. "Serikali ilimhamisha Hhando mara ya kwanza. Wewe umemhamisha mara ya pili. Sasa mtu akija akiuliza, nitamwonyesha nini?"

Gari lilipogeuka Letisia aliona, juu kule nyuma ya banda, Marieta akijaza samadi kwenye shimo lililobaki, akisawazisha kwa mguu, akichomeka punje za kitunguu saumu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mwisho ya kwa Hhando. Yakifika masika mengine patakuwa shamba tu, kama sehemu nyingine yoyote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifuta. Alilijua hilo kikamilifu, kama mtu anavyojua jina la mtaa, akaenda nalo nyumbani.

Katesh vijana wa mtaa walimsaidia Gerald kuliingiza jiwe ndani. Letisia aliwaonyesha mahali: kando ya ukuta, chini ya lile dirisha alilolifunga tangu siku ya kwanza. Lilipokaa, chumba kilikuwa na giza hata asione anachokifanya. Akafungua dirisha. Mlima ulikuwa pale karibu, mkubwa, na mkwaruzo mrefu wa tope ubavuni mwake. Aliutazama kiasi cha kutosha kuona mwanga umeingia, akainamisha kichwa kwenye kazi.

Juliana alileta konzi ya mtama. "Nimekuja kukukabidhi," alisema. "Kuku wangu wamefurahi mno."

Letisia alinyunyiza mtama kwenye mbonyeo, akapiga magoti, akasukuma. Hakuwa na ujuzi wa mama yake. Punje ziliruka pembeni, akazirudisha. Jasho lilimtoka. Unga ulitoka kidogo kidogo, wa kijivu, na ndani yake palikuwa na chumvi ya ndama wa Bashay. Ulipotosha alikoroga uji, akampa Juliana kikombe, akampa Gerald, akanywa wake.

"Una chenga," Gerald alisema kwa tahadhari.

"Mlaumu anayesaga. Jiwe halina kosa."

Juliana aliondoka, na Gerald akatandika mkeka sebuleni, maana njia ya Babati ilikuwa ndefu na mwili umechoka. Alimsikia mama yake akifunga komeo la mlango kwa ndani, kwa mara ya kwanza.

"Mama, unajisikiaje?"

Letisia alikuwa ameketi kwenye ukingo wa godoro, akikandakanda bega lake. Alilifikiria swali hilo kwa makini, kwa sababu alitaka kumjibu mwanawe kweli.

"Mabega yananiuma," alisema.

Akalala.